Kuiona Stenti Ndani ya Mshipa wa Moyo
Maelezo kwa watumishi wa Serikali na wananchi

Watumishi wa Serikali na wananchi wengi hivi sasa wanafahamu kwamba mshipa wa moyo ulioziba unaweza kufunguliwa bila ya mgonjwa kupasuliwa kifua. Si wachache wanaomjua jirani, mzee wa mtaa au mfanyakazi mwenzao aliyepewa barua ya rufaa, akavuka bahari, akalazwa siku chache, na akarejea nyumbani na alama ndogo tu ya sindano mkononi, akieleza kwamba amewekewa stenti. Jambo ambalo halielezwi mara nyingi ni kwamba kwa miaka mingi daktari aliyekuwa akiiweka stenti hiyo hakuwa akiiona vizuri. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini ilikuwa hivyo, ni njia gani zilizopatikana za kuiona, na jambo hilo lina maana gani kwa mgonjwa aliyelala juu ya meza ya matibabu.

Moyo ni msuli unaosukuma damu mwili mzima, lakini damu inayopita ndani ya vyumba vyake siyo inayoulisha msuli wenyewe. Msuli huo hupata hewa na chakula kupitia mishipa miwili inayochipuka mwanzoni mwa mshipa mkuu wa mwili na kutambaa juu ya moyo, mithili ya mizizi ya mti iliyolikumbatia jiwe. Mshipa wa kushoto hugawika mapema kuwa matawi mawili makubwa. Upana wa ndani wa mishipa hii ni mdogo, aghalabu milimita 3 hadi 4 mwanzoni, nao hupungua kadiri mshipa unavyokwenda mbele. Mafuta na chokaa vinapojijenga ndani ya kuta zake kwa miaka mingi, kwa sababu ya sigara, shinikizo la damu, kisukari, wingi wa lehemu au urithi, njia hubana. Mtu akipanda ngazi au akibeba mzigo huhisi kifua kinamlemea. Pahala hapo pakichanika na damu ikaganda juu yake, mshipa huziba kwa ghafla na sehemu ya msuli huanza kufa.

Tarehe 16 Septemba 1977, mjini Zürich, Uswisi, daktari Andreas Gruentzig alipitisha puto dogo ndani ya mshipa wa moyo wa mgonjwa aliyekuwa macho, akalijaza, na pahala palipobana pakafunguka. Mbinu hiyo ilienea upesi, lakini ilikuwa na kasoro mbili. Mshipa uliotanuliwa kwa puto peke yake mara nyingine ulijifunga papo hapo, na kwa wagonjwa wengi ulibana tena baada ya miezi michache. Mwaka 1986 Jacques Puel mjini Toulouse, Ufaransa, na Ulrich Sigwart mjini Lausanne, Uswisi, waliweka stenti za mwanzo ndani ya mishipa ya moyo ya binadamu. Stenti ni kijibomba cha wavu wa chuma. Siku hizi huingizwa ikiwa imekunjwa juu ya puto. Puto likijazwa, wavu hutanuka na kuushikilia ukuta wa mshipa, kisha puto huondolewa na wavu hubaki humo daima. Mwaka 1994 zilitangazwa tafiti mbili zilizoithibitisha kazi hiyo. Katika ule wa Ulaya, uliojulikana kwa jina la BENESTENT, mshipa ulibana tena kwa asilimia 22 ya waliowekewa stenti na asilimia 32 ya waliotanuliwa kwa puto tu. Katika ule wa Marekani, uliojulikana kwa jina la STRESS, hesabu zilikuwa takriban asilimia 32 na 42.

Hata hivyo stenti za miaka ile zilikuja na hofu yake. Chuma kigeni ndani ya mkondo wa damu huifanya damu igande, na stenti ikiziba kwa damu iliyoganda mgonjwa hupata shambulio la moyo, pengine akiwa bado yumo wodini. Kwa kuchelea hilo, wagonjwa walipewa dawa kali kadhaa za kuzuia damu isigande, zote kwa pamoja. Matokeo yake ni kwamba wengi walivuja damu kwenye nyonga palipopitishwa mpira, wakakaa hospitali siku nyingi, na bado wengine stenti zao ziliziba.

Ilifikiriwa kwamba tatizo ni chuma. Antonio Colombo na wenzake mjini Milan, Italia, walionesha kwamba sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa ni macho. Walipitisha ndani ya mshipa chombo chembamba cha ultrasaundi na kuzitazama kutoka ndani stenti ambazo picha ya eksirei ilikuwa imekwisha kuzipasisha. Walikuta nyingi hazikufunguka kiasi cha kutosha. Wakazitanua upya kwa puto lililojazwa kwa nguvu zaidi, wakahakikisha kwa chombo kile kile kwamba wavu umeukamata ukuta pande zote, kisha wakawaruhusu wagonjwa bila ya zile dawa kali, kwa vidonge vinavyozuia chembe sahani za damu tu. Kuganda kwa damu kukawa ni jambo la nadra. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1995, na ndiyo yaliyofanya matibabu ya stenti yawe kama yalivyo hivi leo: mgonjwa huingia, hutibiwa, na aghalabu huondoka baada ya siku moja au mbili.

Hesabu ndogo inatosha kueleza uzito wa jambo hili. Mshipa wenye upana wa milimita 3 una njia yenye eneo la takriban milimita za mraba 7. Stenti iliyokusudiwa kufunguka hadi milimita 3 ikiishia milimita 2.5, tofauti ya nusu milimita ambayo jicho haliipi uzito kwenye skrini, eneo hilo hushuka hadi karibu milimita za mraba 4.9. Mgonjwa amepoteza takriban asilimia 30 ya njia aliyoifuata hospitali, na vipande vya wavu visivyougusa ukuta vinaning'inia ndani ya mkondo vikingoja damu ishikamane navyo.

KWA NINI CHUMA CHENYEWE HAKIONEKANI

Chumba cha matibabu haya kina mtambo wa eksirei wenye mkono uliopinda kama nusu duara, unaozungushwa juu na chini ya mgonjwa. Daktari huingiza mpira mwembamba kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, au wa nyonga, na kuusukuma hadi kwenye mlango wa mshipa wa moyo. Kupitia mpira huo humimina dawa ya rangi yenye madini ya aidini, ambayo huzuia miale ya eksirei isipenye. Kinachoonekana kwenye skrini kwa nukta chache ni kivuli cha dawa hiyo ikipita. Ukuta wa mshipa hauonekani kabisa. Daktari yuko katika hali ya mtu anayetazama maji ya mfereji kwa mbali na kukisia hali ya kingo zake. Kama dawa imepata pa kupenya baina ya wavu na ukuta, kivuli hutoka kipana na kizuri, ilhali stenti yenyewe imekaa vibaya.

Basi kwa nini asiitazame stenti yenyewe, maadamu ni chuma? Sababu ya kwanza ni wembamba wake. Nyuzi za wavu wa stenti nyingi za siku hizi zina unene wa milimita 0.06 hadi 0.08, ambao ni unene wa unywele wa binadamu. Sababu ya pili ni kwamba uzi huo unatazamwa kupitia kifua kizima, pamoja na mbavu, uti wa mgongo, mapafu na nyama, na kwa mgonjwa mnene kivuli cha vitu hivyo huufunika uzi. Sababu ya tatu ni kwamba hautulii. Moyo hupiga mara 60 hadi 80 kwa dakika, na kila pigo huusogeza mshipa huku na kule, na pumzi nazo huupandisha na kuushusha.

Hapa pana mgongano ambao wagonjwa wachache wameelezwa. Stenti zenye nyuzi nene zilionekana kwa urahisi zaidi. Mathalan, stenti ya Cypher, ya mwanzo miongoni mwa zile zinazotoa dawa ya kuzuia mshipa usibane tena, ambayo iliruhusiwa Ulaya mwaka 2002 na Marekani mwaka 2003, ilikuwa na nyuzi za milimita 0.14. Baadaye ilidhihirika kwamba nyuzi nyembamba huwahi kufunikwa na ngozi ya ndani ya mshipa, wala haziukwazi sana mkondo wa damu. Watengenezaji wakazipunguza unene, wakaacha chuma cha pua na kutumia mchanganyiko wa kobalti na kromiamu, au platinamu na kromiamu, ili wembamba huo usipoteze nguvu. Hivyo stenti iliyo bora kwa mgonjwa ikawa ndiyo iliyo ngumu zaidi kwa daktari kuiona.

Kuongeza nguvu ya miale siyo dawa ya tatizo hilo. Miale ikizidi humdhuru mgonjwa, na humdhuru zaidi daktari na wauguzi wanaosimama hapo kila siku.

NUKTA MBILI ZA PUTO

Njia iliyopatikana katika muongo wa kwanza wa miaka ya 2000 haikuongeza chombo chochote ndani ya mwili wa mgonjwa. Ilitumia kitu ambacho tayari kilikuwamo. Kila puto la kuwekea stenti lina pete mbili ndogo za madini mazito, moja kila upande, ili daktari ajue puto limefika wapi. Kwenye skrini pete hizo huonekana kama nukta mbili nyeusi, nazo huonekana hata pale stenti isipoonekana.

Baada ya stenti kutanuliwa, puto hutolewa maji lakini huachwa pale pale ndani ya stenti. Mgonjwa huambiwa avute pumzi na kuizuia. Mtambo hupiga picha mfululizo, kwa kawaida picha 15 kwa nukta moja ya saa, kwa muda wa nukta mbili au tatu, bila ya kumimina dawa ya rangi. Kompyuta huchukua kila picha, huzitafuta zile nukta mbili, kisha huisogeza, huizungusha na huipanua picha hiyo mpaka nukta zake zikae juu ya nukta za picha iliyotangulia. Picha zote zikishapangwa hivyo hujumlishwa kuwa moja.

Faida yake inaweza kufahamika kwa mfano wa redio yenye mkwaruzo. Tangazo likisomwa mara moja tu msikilizaji atashika neno moja na kupoteza mawili. Likirudiwa mara nyingi atalipata lote, kwa sababu mkwaruzo hubadilika kila mara lakini tangazo ni lile lile. Katika picha za moyo, stenti imefungamana na nukta mbili, kwa hiyo kila picha inayojumlishwa huiongezea uzito. Mbavu, mapafu na chembechembe za ukungu wa picha hazikufungamana nazo. Kila picha huziweka pahala tofauti, na mwishowe hufifia. Picha 36 zikijumlishwa namna hiyo, uwazi wa stenti dhidi ya ukungu wa kubahatisha huongezeka takriban mara 6. Wavu uliokuwa kama vumbi juu ya kioo hujitokeza, kingo zake mbili zikionekana kwa mstari. Kampuni ya Philips iliipa mbinu hii jina la StentBoost, na ya Siemens CLEARstent. Msingi wake ni mmoja.

Kazi hiyo huchukua muda mfupi mno, na mgonjwa huwa bado yuko mezani, waya ungali ndani ya mshipa na puto lingali mkononi mwa daktari. Hapo ndipo penye thamani yake. Daktari akiona stenti ina kiuno, yaani imebanwa katikati na chokaa ngumu, anaweza kupitisha puto gumu zaidi na kulijaza kwa mgandamizo unaofika au kupindukia mara 18 ya ule wa hewa ya kawaida. Gurudumu la gari dogo, kwa kulinganisha, hujazwa takriban mara 2 tu. Akiona stenti mbili zilizopangwa mfululizo zimeacha pengo baina yao, huliziba. Kadhalika huweza kujua kama stenti iliyokusudiwa kufunika mlango wa tawi imefika mlangoni au imepungukiwa kwa milimita moja. Mitambo ya baadaye ilifika hatua ya kuonesha picha hiyo iliyotulizwa wakati huo huo daktari anapoisogeza stenti, kabla ya kuifungua, na kwa shughuli ya mlangoni hilo ni msaada mkubwa, kwani stenti ikishafunguka hairudishwi.

Mbinu hii ina mipaka yake, na haifai kuisifu kupita kiasi. Inaonesha chuma tu. Haisemi kama ukuta wa mshipa umechanika pembezoni mwa stenti, wala kama chini yake mna mafuta laini au chokaa. Inahitaji puto liwepo. Huongeza miale kidogo. Na stenti za plastiki zilizoundwa ili ziyeyuke zenyewe mwilini, ambazo iliyotangazika zaidi ni Absorb iliyoondolewa sokoni mwaka 2017, hazikuonekana kwa eksirei isipokuwa alama zake za platinamu.

KUTAZAMA KUTOKA NDANI

Kwa yale ambayo eksirei haiwezi kuyaona, kwa namna yoyote itakavyopangwa, hutumiwa vyombo vinavyoingia ndani ya mshipa wenyewe, na viko vya namna mbili.

Cha kwanza ni kile cha ultrasaundi, jamaa wa kile kinachotumika kumtazama mtoto tumboni, isipokuwa kimewekwa kwenye ncha ya mpira wenye upana wa milimita moja hivi. Hutoa sauti zisizosikika na kupokea mwangwi wake, na kuchora duara zima la mshipa pamoja na unene wa ukuta. Huweza kutenganisha vitu vilivyoachana kwa takriban milimita 0.1. Cha pili hutumia mwanga usioonekana kwa macho. Msingi wake ulitangazwa mwaka 1991 na watafiti wa Marekani, miongoni mwao David Huang na James Fujimoto, ambao kwanza waliukusudia kwa uchunguzi wa jicho. Chombo hiki huona hadi milimita 0.01 au 0.02, na kila uzi wa stenti huonekana peke yake, uwe umeugusa ukuta au umeachana nao. Kasoro yake ni kwamba mwanga haupenyi damu. Lazima damu isukumwe kwa dawa ya rangi kwa nukta chache, na dawa hiyo ikizidi ni mzigo kwa mafigo.

Ushahidi kwamba kutazama kutoka ndani humnufaisha mgonjwa umekusanywa kwa miaka mingi. Huko Korea Kusini, utafiti wa IVUS-XPL uliotangazwa mwaka 2015 ulihusisha wagonjwa 1,400 wenye stenti ndefu. Katika mwaka mmoja, asilimia 2.9 ya waliotazamwa kwa ultrasaundi walipata madhara makubwa ya moyo, na asilimia 5.8 ya waliotazamwa kwa eksirei tu. Mwaka 2023, nchini humo humo, wagonjwa 1,639 wenye mishipa iliyoharibika kwa namna ngumu walifuatiliwa kwa muda wa takriban miaka miwili. Mshipa uliotibiwa uliwaletea tatizo asilimia 7.7 ya waliotazamwa kwa ndani, na asilimia 12.3 ya wenzao. Mwaka huo huo, utafiti mwingine wa kimataifa wenye wagonjwa 2,487 ulionesha kwamba chombo cha mwanga kilizifanya stenti zifunguke zaidi na kuganda kwa damu ndani yake kukapungua, lakini tofauti ya jumla ya madhara haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitika. Matokeo haya hayapingani sana kama yanavyoonekana kwa mtazamo wa kwanza. Mshipa ulionyooka wenye pahala pamoja pafupi palipobana hauna mengi ya kufichua. Mshipa mrefu wenye chokaa, au ule unaogawika, au shina la mshipa wa kushoto, ndio unaomhadaa daktari. Ndiyo maana miongozo ya Ulaya ya mwaka 2024 iliipa daraja la juu kabisa kazi ya kutazama kwa ndani kwa mishipa migumu ya namna hiyo, na ile ya Marekani ya mwaka 2025, kwa wagonjwa wa shambulio la moyo, ikafanya vivyo hivyo.

Iliyobaki ni gharama. Mipira ya ultrasaundi na ya mwanga hutumika kwa mgonjwa mmoja tu kisha hutupwa, na kila mmoja hununuliwa kwa fedha za kigeni. Mbinu ya nukta mbili haitumii kifaa kipya kwa kila mgonjwa. Mtambo ukishakuwa na programu yake, mgonjwa wa kwanza na wa mia hutazamwa kwa gharama ile ile. Ingawa ushahidi wake juu ya maisha ya wagonjwa ni mchache kuliko wa vyombo vya ndani, kwa hospitali ya umma yenye mfuko mdogo ni busara kuitumia kwa kila stenti, na kuvihifadhi vyombo vya ndani kwa ile mishipa migumu iliyotajwa hapo juu. Wanaohusika na ununuzi wa mitambo watafanya vyema kulitazama jambo hili wakati wa kuandika mahitaji ya zabuni, kwa kuwa programu iliyosahauliwa wakati wa kununua mtambo aghalabu hugharimu zaidi ikiombwa baadaye.

MGONJWA NA NYARAKA ZAKE

Nchini Tanzania kituo cha umma kinachojulikana zaidi kwa matibabu haya ni Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam, ambayo ilianzishwa mwaka 2015. Wako pia wananchi wanaotibiwa nje ya nchi. Popote alipotibiwa, mgonjwa wa Visiwani hurejea kuangaliwa na daktari ambaye hakuwepo chumbani siku ile, na daktari huyo hana njia ya kujua kilichofanyika isipokuwa kwa nyaraka. Mgonjwa anayo haki ya kuomba kadi ya stenti inayoonesha aina, urefu, upana, tarehe na mshipa iliyowekwa, pamoja na diski ya picha na ripoti iliyoandikwa. Si utovu wa adabu kwa mgonjwa au jamaa zake kumuuliza daktari kama stenti ilitazamwa baada ya kuwekwa, kwa njia gani, na ilifunguka kiasi gani. Jibu la swali hilo lina nafasi katika ripoti.

Kabla ya matibabu, mwenye ugonjwa wa mafigo, mwenye kisukari anayetumia vidonge vya metformini, na aliyewahi kuvimba au kuwashwa kwa dawa ya rangi wanatakiwa waseme mapema. Jamaa wa wazee wanashauriwa wawafahamishe kwamba wataamrishwa kuvuta pumzi na kuizuia kwa muda mfupi. Mzee asiyeelewa amri hiyo hutikisika au huendelea kupumua, na picha iliyokusudiwa kuonesha stenti hutoka na ukungu, ikabidi irudiwe.

Baada ya stenti, vidonge viwili vya kuzuia damu isigande, kwa kawaida aspirini na klopidogreli au dawa ya jamii yake, hutumiwa kwa muda anaoupanga daktari, mara nyingi miezi 6, na miezi 12 kwa aliyepata shambulio la moyo. Kisha kimoja huendelea. Hata stenti iliyofunguka vizuri na kuonekana vizuri inaweza kuziba ikiwa vidonge vitakatishwa ghafla katika miezi ya mwanzo. Anayetaka kung'oa jino, kutahiri au kufanyiwa upasuaji wowote asiviache kwa shauri la jirani. Amwone kwanza daktari wa moyo. Katika mwezi wa Ramadhani, dawa inayomezwa mara moja kwa siku huweza kupangwa wakati wa kufuturu, na ya mara mbili wakati wa futari na daku, lakini mpango huo ufanywe na daktari kabla ya mwezi kuandama, kwani wako wagonjwa ambao hali zao haziruhusu kufunga.

Diski ya picha itunzwe ndani ya bahasha ngumu, mbali na joto na unyevu, na mgonjwa aichukue kila anapokwenda hospitali. Ikiwa mshipa utabana tena baada ya miaka, picha ya siku ya kwanza ndiyo itakayomwonesha daktari kama stenti ilikuwa na kiuno tangu ilipowekwa, au kama ubanaji ni mpya, na matibabu ya hali hizo mbili hayafanani.